Mlango wa Shoto

Mgeni hujulikana kwetu kabla hajabisha hodi:
anasukuma mlango, na mlango haumtaki.
Huu wetu huvutwa, tena kwa mkono wa shoto,
maana aliyeutia bawaba alikuwa mashoto wa kulazimishwa,
Sajini Murjani wa Keya, babu yangu,
aliyerudi kutoka Bama na vidole viwili mkono wa kulia
na pensheni ya kutosha bati kumi na nne.

Bati la kumi na tano alilikopa.
Deni lile alilimaliza bibi Bakhita kwa kusuka makawa,
ukindu mwekundu, ukindu zambarau,
akiyapanga kando ya barabara ya Gulu
wakapita nayo madereva wa malori ya pamba.
Ndiyo maana bati la juu ya jiko huitwa la Bakhita,
na mvua ya Bombo ikianza
huanza hapo.

Kuta ni udongo wa kichuguu. Babu aliukanda kwa miguu
akihesabu Kinubi: wai, tinen, talata,
akifika saba anaanza upya.
Hakuna aliyejua kwa nini hakuvuka saba.

Baba alizaliwa chumba cha nyuma. Shangazi Sakina pia.
Na yule mwingine ambaye hakufika arubaini,
jina lake liko kwenye boriti, limeandikwa kwa mkaa: Zulfa.
Moshi umelila herufi moja.
Siku hizi ni Zufa, nasi tunamrehemu hivyo hivyo.

Halafu ikaja sabini na tisa.
Tukahesabiwa wote watu wa utawala ule,
hata aliyekuwa akisuka makawa.
Waliondoka usiku, sufuria bado i motoni.
Baba aliufunga mlango, akajishangaa:
anamfungia nani?
Mimi nilizaliwa Yei, ng'ambo ya mpaka,
mlango wetu gunia.

Nyumba haikukaa bure.
Waliingia wanajeshi, wakaingia mbuzi,
wakaingia wanajeshi wengine waliowakuta wale mbuzi.
Kila cha mbao kikaenda motoni: fremu, vibao, kitanda cha babu.
Mwisho wakaja nyuki,
na hao ndio waliokaa miaka mingi bila kuvunja kitu.

Tuliporudi baba ana mvi, mimi nina miaka kumi na moja.
Mbele palikuwa na tundu la mlango, basi.
Mpapai umeota sebuleni, umetoa kichwa kwenye paa;
bati limebaki moja, lile la deni.

Siku ya tatu akatokea Nalwoga katika migomba yake,
peke yake, jasho linamchuruzika, mlango kichwani.
Aliung'oa usiku kabla vita havijafika kwake,
akauzika shambani, akapanda viazi juu.
Alipoweza kurudi aliufukua,
akauweka juu ya matofali, akaulalia.
"Binti yangu Namulindwa nilimzalia hapa," akasema.
"Mtaniwia radhi kwa hilo doa."

Baba alilitazama doa.
Alitafuta neno kwa Kinubi, akalitafuta kwa Kiganda,
akaangukia Kiswahili, akasema: "Karibu ndani."
Nalwoga akamtazama, akalitazama lile tundu:
"Uwekeni kwanza, niupate wa kuufungua."

Fundi alitaka kuugeuza,
aupige bawaba kama milango ya watu.
Sisi tulikuwa tumeshakubali; tulikuwa tumechoka.
Nalwoga ndiye aliyekataa. Alisimama na nyundo ya fundi mkononi
mpaka matundu ya zamani ya misumari yalipopatikana,
yote manne, yamejaa udongo wa viazi.

Babu hakuuona ukirudi. Bibi pia.
Nalwoga tulimzika mwaka wa mvua nyingi,
mimi na binti yake tukishika jeneza upande mmoja.

Namulindwa ni muuguzi sasa, Wobulenzi.
Jumapili akipita na pikipiki huiacha njiani,
anakuja kwa miguu,
anapitisha kiganja juu ya doa kama mtu anayepima homa,
kisha anavuta.
Sijamwona akisukuma hata siku moja.